Kesha la Usiku Mmoja na Kesha la Mwaka Mzima

Tarehe 31 Desemba, jua likiisha kutua, watu wa Nairobi hugawanyika katika njia mbili. Wengine huelekea Westlands, kwenye nyumba za dansi zilizopangana katika barabara ya Mpaka na mitaa iliyo jirani, ambako muziki husikika hata ng'ambo ya Waiyaki Way. Wengine huelekea makanisani, wamevaa makoti na mitandio kwa ajili ya baridi ya usiku, na watoto wao wadogo wamebebwa mabegani hali wamelala. Jambo la ajabu ni kwamba makundi haya mawili hupita barabara moja, hukwama katika msongamano mmoja wa magari, na yote mawili hungoja saa ile ile, saa sita ya usiku. Saa hiyo ikifika fataki hupanda juu ya mji, kengele hupigwa, watu hukumbatiana, na mwaka huhesabiwa kuwa mpya.

Kwa Mkristo saa hiyo ina uzito wake. Ni desturi yake kuja mbele ya Mungu kutoa shukrani kwa mwaka uliokwisha, kukiri makosa yake, na kuweka ahadi. Huyu huahidi kuacha pombe. Huyu huahidi kusoma Biblia yote, kutoka Mwanzo hata Ufunuo. Mwingine, aliyefarakana na ndugu yake kwa ajili ya shamba la marehemu baba yao, huahidi kwamba mwaka huu atakwenda kumwamkia. Ahadi hizi si za kuchekwa. Zatoka moyoni, na mara nyingi hutolewa kwa machozi. Lakini wahenga walisema kwamba ahadi ni deni, na mwenye deni hajulikani siku ya kukopa, maana siku hiyo kila mtu ana uso wa kicheko. Hujulikana mwisho wa mwezi.

Desturi yenyewe haikuzaliwa Nairobi. Katika karne ya 18 huko Uingereza wachimba makaa wa Kingswood, karibu na mji wa Bristol, walioongoka kwa mahubiri ya John Wesley na wenzake, walianza kukutana usiku na kuomba hata usiku ukawa mkubwa. Zamani saa hizo walizitumia katika vilabu vya pombe. Wapo waliomshauri Wesley akomeshe jambo hilo. Naye alipolifikiri akaona linafanana na makesha ya Wakristo wa kwanza, asilikomeshe bali akalieneza. Mwaka 1755 akaongeza ibada ya agano, ambayo ndani yake mtu hukiri kwamba yeye si mali yake mwenyewe tena, na hata leo Wamethodisti huifanya mwanzo wa mwaka. Wamishonari wao walifika Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862. Mwisho wa mwaka huo huo, huko Marekani, watu weusi walikesha makanisani usiku wa tarehe 31 Desemba wakingoja tamko la Rais Lincoln la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, ambalo lilitolewa siku iliyofuata. Hao hawakuwa wakingoja tarehe tu. Walikuwa wakingoja siku ambayo watoto wao hawatauzwa tena.

Katika Injili hakuna aliyeweka ahadi ya usiku kwa nguvu kuliko Petro. Mbele ya wenzake wote alisema kwamba hata wengine wakikimbia yeye hatakimbia, hata ikiwa ni kufa. Saa chache baadaye, bustanini, aliombwa akeshe saa moja tu, akalala. Na kabla jogoo hajawika alikuwa amekwisha kumkana Bwana wake mara tatu, penye moto, mbele ya mjakazi. Petro hakuwa mwongo. Alipoahidi aliamini kila neno alilolisema, na hilo ndilo la kuogopesha, kwa kuwa ukweli wa moyo wake mezani haukumsaidia kitu alipofika penye moto. Aliporudishwa, hakurudishwa kwa kiapo kingine kikubwa zaidi. Aliulizwa swali moja mara tatu, asubuhi, ufukoni mwa ziwa, mbele ya moto wa makaa wenye samaki na mkate. Kisha akapewa kazi ya kulisha kondoo. Kazi hiyo haina usiku maalumu. Kondoo hula kila siku.

Nairobi nayo inalo kesha lake, ambalo halikuanza tarehe 31 Desemba wala halikwisha kulipopambazuka. Ili lieleweke yafaa kurudi nyuma kidogo.

Siku ya Mwaka Mpya, 1990, Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki alihubiri mjini Nairobi. Miezi ile serikali za Ulaya ya Mashariki zilikuwa zimeanguka moja baada ya nyingine, naye akauliza je, serikali za chama kimoja katika Afrika zitadumu muda gani. Katika Kenya chama kimoja kilikuwa ndiyo sheria tangu mwaka 1982. Viongozi wa chama tawala walimjia juu kwa maneno makali, na wengine wakataka atiwe kizuizini. Hivyo neno lililotamkwa siku ya kwanza ya mwaka lilikuwa na siku 364 za kujaribiwa, na mwaka ule haukuwa mpole. Mwezi wa Julai palitokea ghasia za Saba Saba. Tarehe 14 Agosti Askofu Alexander Muge wa Eldoret alikufa katika ajali ya barabara akitoka Busia, siku chache tu baada ya waziri mmoja kumwonya hadharani kwamba akikanyaga huko huenda asirudi hai. Desemba 1991 sheria ya chama kimoja ikaondolewa. Wengi walidhani mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha kwa wale ambao wana wao walikuwa gerezani. Ijumaa tarehe 28 Februari 1992 akina mama kadhaa, wengi wao wazee kutoka mashambani, walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali wakiwa pamoja na Profesa Wangari Maathai. Hoja yao ilikuwa fupi. Vyama vingi sasa ni halali. Mbona waliofungwa kwa sababu za siasa wakati ule wangali wamefungwa? Kisha, badala ya kurudi makwao kungoja majibu, walikwenda na matandiko yao katika pembe moja ya bustani ya Uhuru, wakaketi chini, wakakataa kula. Walikusudia kungoja siku tatu. Mkulima aelewa maana ya kuliacha shamba wakati huo, mvua za masika zikikaribia.

Pembe ile iko karibu na jumba refu la Nyayo, na jambo hili si dogo. Chini ya jumba hilo mlikuwa na vyumba ambamo, katika miaka ya 1980 na baadaye, watu waliodhaniwa kuwa wapinzani wa Serikali walifungiwa gizani wakateswa. Mwaka 2003 vyumba hivyo vilifunguliwa, watu wakaingia wakaviona kwa macho yao. Akina mama wale hawakuhitaji kungoja mwaka 2003. Walikuwa wakijua walipokaa na wanachokitazama.

Jumanne tarehe 3 Machi polisi waliwajia kwa marungu na moshi wa kutoa machozi. Profesa Maathai alipigwa hata akazimia, akapelekwa hospitali. Baadhi ya wale wazee walivua nguo zao mbele ya polisi. Na katika mila za watu wengi wa Kenya, mama mzee akifanya hivyo mbele ya vijana walio na umri wa wanawe, hiyo ni laana ambayo hakuna mtu atakaye kuibeba. Baada ya hayo bustani ilizingirwa, wasiweze kurudi. Ndipo walipogeuka wakaenda kanisani, maana kanisa lilikuwa pale pale jirani.

Kanisa Kuu la Watakatifu Wote limesimama kando ya bustani ile. Jiwe lake la msingi liliwekwa na Gavana Sir Henry Belfield mwaka 1917, na jengo likawekwa wakfu mwaka 1952, mwaka ule ule ambao hali ya hatari ilitangazwa katika Kenya. Enzi hizo waliokaa katika viti vyake kwa wingi walikuwa Wazungu, walowezi na maofisa wa Serikali. Hapana shaka ye yote kati yao hakuwaza kwamba, miaka arobaini baadaye, chumba kilicho chini ya kanisa lile kingejazwa na akina mama Waafrika waliokimbia moshi wa polisi. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Provosti wa kanisa, Peter Njenga, aliwapokea. Walidhani watakaa kwa muda mfupi. Walikaa karibu mwaka mmoja.

Mwaka mmoja ni neno jepesi kuandikwa. Afadhali kulihesabu kwa kalenda ya Kanisa. Akina mama wale waliingia wakati wa Kwaresima. Juu ya vichwa vyao Ijumaa Kuu ikaja ikapita, zikaimbwa nyimbo za Pasaka, ikaja Pentekoste. Ikaja baridi ya Julai, ambayo watu wa Nairobi huilalamikia hata wakiwa na mablanketi mawili, sembuse wazee waliolala chumba cha chini. Zikaja zile Jumapili nyingi baada ya Pentekoste, ambazo hazina sikukuu wala jina, na ambazo hata waumini wenye nyumba nzuri huzichoka. Ikaja Majilio, ikaja Krismasi. Kila Jumapili watu waliingia kwa mlango wa juu, wakaimba, wakatoa sadaka, wakatoka kwenda kula nyumbani kwao. Na wale wa chini wakabaki.

Yafaa kufikiri walikuwa na nini mikononi. Silaha hawakuwa nayo, wala fedha, wala jamaa mwenye cheo. Wengi walikuwa na elimu ndogo. Walikuwa na majina ya watoto wao tu, na desturi ya kuomba. Palikuwa na siku ambazo watu wa magazeti walikuja kwa wingi. Bila shaka palikuwa na siku nyingi zaidi ambazo hakuna aliyekuja. Ni hizi za pili zilizowafanya kuwa waaminifu. Siku ya kupigwa, damu huchemka na mtu huweza kusimama kwa hasira tu. Siku ya mia mbili hasira imekwisha, wageni wamepungua, mwili unauma, na mtu hubaki kwa sababu moja peke yake, nayo ni kwamba yule anayemngojea bado hajatoka.

Tarehe 29 Desemba mwaka ule ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya 1960. Usiku wa tarehe 31 Desemba watu wa Nairobi walikuwa bado na uchaguzi huo akilini, na Rais akabaki yule yule. Wako waliokesha kanisani kwa huzuni, wako waliokesha kwa furaha, kila mtu na chama chake. Lakini kwa mama ambaye mwanawe angali kifungoni usiku ule ulikuwa kama mausiku mia tatu yaliyoutangulia. Wakristo wengine walikuwa wakianza kukesha saa tatu ya usiku. Yeye alikuwa amekwisha kuanza tangu Februari.

Januari 1993 Koigi wa Wamwere, aliyekuwa ameshtakiwa kwa uhaini, alitolewa kifungoni. Mama yake, Monica Wangu Wamwere, alikuwa mmoja wa wazee wale tangu mwanzo. Mapema mwaka huo karibu wafungwa wote ambao akina mama waliwataja walikuwa nje, na chumba cha chini kikabaki kitupu. Hadithi ingekuwa nzuri kama ingekomea hapo. Novemba mwaka ule ule Koigi alikamatwa tena, na mama yake akaanza tena safari za gerezani na mahakamani.

Msomaji mwingine atasema kwamba mambo haya ni ya siasa na si ya roho, na kwamba safu ya dini ingefaa kuyaacha. Mtu wa namna hiyo na asome tena habari ya mjane katika Injili ya Luka, aliyemwendea kadhi dhalimu mara kwa mara mpaka kadhi akachoka akampa haki yake. Bwana Yesu hakuitoa habari ile kwa kufundisha mambo ya mahakama. Aliitoa kwa kufundisha kuomba pasipo kukata tamaa, na mwisho wake akauliza kama Mwana wa Adamu atakapokuja ataikuta imani duniani. Na katika Injili hiyo hiyo, muda mfupi tu baada ya kuzaliwa kwa Kristo, yuko Ana binti Fanueli, mjane mkongwe ambaye hakuondoka hekaluni usiku wala mchana, akifunga na kuomba. Sura hiyo husomwa makanisani karibu na mwisho wa mwaka. Haiyumkini kwamba waliohubiri juu ya Ana katika Nairobi mwaka 1992 hawakukumbuka waliokuwa chini ya sakafu.

Hata hivyo ni vizuri kusema kweli yote. Uaminifu haufanani na fedha za benki, ambazo mtu akiziweka mwaka huu atazikuta mwaka ujao pamoja na faida. Wafanana na mana, ambayo Waisraeli waliiokota kila siku, na aliyeiweka mpaka asubuhi aliikuta imeingia mabuu. Makanisa ya Kenya yaliheshimiwa sana kwa ajili ya miaka ile. Tarehe 7 Julai 1997 polisi walivamia Kanisa Kuu lile lile watu wakiwa ndani, wakampiga Mchungaji Njoya na wengine, na heshima hiyo ikazidi. Ndipo ulipofika mwisho wa mwaka 2007.

Matokeo ya uchaguzi yalitangazwa tarehe 30 Desemba, na nchi ikawaka moto. Siku ya Mwaka Mpya 2008, watu waliokuwa wamekimbilia kanisa dogo la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo ndani, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Walikimbilia kanisani kama wale akina mama wa 1992, wakitumaini jambo lile lile. Tume ya Jaji Waki baadaye ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika ghasia za majuma yale. Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande, kila mmoja na watu wake, na kwa hiyo hawakuweza kukemea uovu ulipokuja.

Ungamo hilo lilikuwa gumu, na waliolitoa wastahili heshima kwa kulitoa. Lakini hebu mtu alifikiri vizuri. Mwisho wa mwaka 2006 ibada za kesha zilifanyika kama kawaida. Kwaya ziliimba, ahadi ziliwekwa, maaskofu walibariki. Hakuna aliyesimama usiku ule akaahidi kwamba mwaka unaokuja atalipenda kabila lake kuliko haki. Kila mtu aliahidi mema. Uaminifu haukupotea usiku wa kesha; ulipotea kidogo kidogo katika miezi iliyofuata, kwa utani uliosemwa mezani na hakuna aliyeukataa, kwa kikao cha siri cha watu wa nyumbani, kwa mahubiri ambayo kila msikilizaji alijua mgombea anayesifiwa ijapokuwa jina lake halikutajwa. Bandu bandu huisha gogo.

Na kwa kuwa hupotea katika mambo madogo, ni katika mambo hayo hayo hutafutwa. Si kila Mkristo ataitwa kulala chini ya kanisa mwaka mzima, wala kuhubiri mbele ya wakubwa. Mtihani wake u karibu zaidi, pengine u langoni mwake.

Katika mitaa ya Westlands, Loresho na Lavington karibu kila lango lina askari wa usiku. Ana koti zito, rungu, tochi, na chupa ya chai. Wengi wa hao, pamoja na yaya, wapishi na watunza bustani wa nyumba zile, hutoka Kangemi, kijiji cha mjini kilicho kando ya Waiyaki Way, ambako nyumba zimesongamana na maji hununuliwa kwa mtungi. Tarehe 27 Novemba 2015 Papa Fransisko alifika huko, katika kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, akasema waziwazi kwamba kuwanyima maskini wa mijini maji, ardhi na makao ni udhalimu. Watu walipiga vigelegele. Wengine waliokuwa wakisikiliza kwa redio walikuwa ng'ambo ya pili ya barabara, wakipiga pasi nguo za watu.

Basi usiku wa mwisho wa mwaka gari la mwenye nyumba hutoka saa tatu kwenda kanisani. Askari hufungua lango na kupiga saluti. Hakuna mtu katika Nairobi aijuaye kazi ya kukesha kuliko yeye, maana huifanya mausiku yote, si moja. Na mtunga zaburi, alipotaka kueleza jinsi nafsi inavyomngoja Mungu, alichagua mlinzi wa usiku, hakuchagua kuhani. Katika nyumba nyingi askari huyo amekwisha kulipwa mshahara wake wa Desemba, pamoja na kitu kidogo cha sikukuu, na hao hawana la kuulizwa. Lakini zipo nyumba ambazo ameambiwa angoje kidogo. Krismasi imekula fedha. Mambo yatakuwa sawa mwezi wa Januari. Ataitikia, atafanya nini? Januari ndio mwezi wa karo, na mtoto wake atarudishwa kutoka shuleni kama watoto wengine wa wanaongoja kidogo.

Ile Torati iliyosomwa makanisani yaagiza kibarua alipwe kabla jua halijatua, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautazamia ujira wake. Waraka wa Yakobo wasema ujira uliozuiwa hulia, na kilio chake hufika. Watu wanaojua aya hizi kwa moyo hutoa sadaka ya shukrani usiku huo huo kwa simu, kwa dakika moja, bila kuinuka katika kiti. Simu hiyo hiyo ingeweza kupeleka mshahara. Pengine ni kusahau. Pengine ni kwamba sadaka hutolewa mbele ya watu na mshahara hulipwa penye giza, langoni, hakuna anayeimba.

Saa nane ya usiku gari hurudi. Askari hufungua lango tena.

"Heri ya mwaka mpya, mzee."

"Asante, mkubwa. Nawe pia."

Watoto hubebwa ndani wamelala. Taa za nyumba huzimwa moja moja, na muziki wa mtaa wa pili huendelea kwa saa mbili tatu zaidi. Askari huzunguka ukuta, humulika nyuma ya tangi la maji, hurudi kibandani kwake, hujimiminia chai iliyobaki. Saa kumi na mbili mwenzake wa mchana hufika, naye huvua koti, hulikunja, na kushika njia ya Waiyaki Way kwa miguu. Barabara ni tupu, mabaki ya fataki yametapakaa kando yake, na jua lachomoza nyuma ya mgongo wake anapoukaribia mteremko wa Kangemi. Mwaka una umri wa saa sita, na mwezi uliokwisha haujalipwa bado.